Pumzi ya Kuazima

Katika chuo nilichosomea utotoni alikuwamo mwenzetu mmoja ambaye mkono wake haukujua kutulia, na siku moja, mwalimu alipotoka kwenda kutia udhu, mwenzetu huyo alichora pembeni mwa ubao wake jogoo mwenye kilemba kilichosimama na mkia uliopinda kama mundu. Mwalimu aliporudi alimwona jogoo, nasi tukainamisha vichwa tukingoja mlio wa bakora. Lakini bakora haikulia. Mzee yule aliichukua kalamu ya mwanzi, akaichovya winoni, akapitisha mstari mmoja shingoni mwa jogoo, kisha akatuambia, kwa sauti ya upole ya mtu anayefunga hesabu ndogo, kwamba huyu amekwisha kuchinjwa na hana roho tena. Ndipo tukaendelea na sura tuliyokuwa tukiisoma.

Humkumbuka mwalimu yule kila nitazamapo kazi za watu ambao riziki yao ni kuziandalia maumbo senema za hadithi za kisayansi: watu wanaoketi mbele ya karatasi tupu, kabla hakijajengwa kitu wala hajaajiriwa mchezaji hata mmoja, wakaombwa waonyeshe sayari ambayo hakuna aliyeikanyaga, mji wa zama zisizofika, na kiumbe ambaye hakupata kuzaliwa. Jogoo wa chuoni alikuwa na mfano wake uani kwa jirani, akiwika kila alfajiri. Viumbe vya hawa havina mfano popote. Je, mstari upitishwe wapi, na kwa hoja gani, juu ya mnyama ambaye pengine hata shingo hana?

Swali hili lina mizizi mirefu kuliko senema. Mwishoni mwa Surat al-Hashr majina matatu ya Mwenyezi Mungu yamefuatana kwa mpango ambao wafasiri wameutafakari sana: Al-Khaliq, Al-Bari na Al-Musawwir, yaani Mwenye kukadiria, Mwenye kutoa kitu katika kutokuwapo, na Mwenye kukipa kila kiumbe sura yake, na jina hili la tatu, kwa Kiarabu, ndilo neno lile lile aitwalo kwalo mchoraji, na hapo ndipo khofu ilipoingia. Imepokewa kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba wenye kutengeneza sanamu wataambiwa Siku ya Kiyama wavitie uhai vile walivyoviumba, nao hawataweza. Na imepokewa pia kwamba hakuna dhalimu mkubwa kuliko yule ashikaye njia ya kuumba mfano wa uumbaji wa Mungu, na kwamba watu wa namna hiyo wametakiwa, kama wana uwezo, waumbe walau punje ya nafaka. Mtu mmoja aliyekula kwa kazi ya mikono yake alimwendea Ibn Abbas kuuliza, akasikia habari hizo, uso ukamparara. Na Ibn Abbas, kwa huruma ninayopenda kumdhania, akamwonyesha mlango: kama hana budi kuchora, basi achore miti na kila kisichokuwa na roho. Mafakihi waliokuja baadaye walikhitilafiana, wengine wakalitandaza katazo juu ya kila chenye roho, wengine wakaliweka hasa juu ya sanamu yenye kivuli. Na mafundi wa mwambao wetu, ambao hawakuwa na haja ya kugombana na mtu, waliipeleka mikono yao kwenye maua, minyororo na mitende ya milango ya Lamu na Unguja, wakashiba kazi humo.

Kwa muda mrefu nilishika rai kwamba mchoraji wa visivyokuwapo ndiye aliye salama kuliko wachoraji wote, maana katazo limelenga kuiga uumbaji, naye haigi. Hakuna kadhi awezaye kumhukumu mtu kwa kughushi sarafu ambayo hazina haikupata kuipiga. Rai hiyo nimeiacha, wala si kwa sababu moja. Anayemwiga jogoo ni mwanafunzi, na uwanafunzi una adabu yake. Bali anayebuni mnyama mpya amejiweka, japo kwa saa moja mezani pake, katika kiti kisichokuwa chake. Zaidi ya hayo, nilipozidi kutazama niliona kwamba si kweli kuwa amebuni.

Mtazame H. R. Giger, Mswisi aliyezaliwa Chur mwaka 1940, ambaye kitabu chake cha picha, Necronomicon, kilimfikia Ridley Scott alipokuwa akiitayarisha filamu ya Alien, na picha moja ya humo, iliyochorwa mwaka 1976, ikawa asili ya yule nduli aliyewatoa watu jasho katika majumba ya senema mwaka 1979 na kuwapatia Giger na wenzake tuzo ya Oscar mwaka uliofuata. Watazamaji walisema hawajapata kuona kitu kama kile. Lakini pita polepole juu ya picha ukionyesha kwa kidole: mbavu hizi ni za binadamu, mkia huu ni uti wa mgongo, mabomba haya ni ya mashine, na meno haya kila mmoja wetu anayo kinywani. Hakuna kiungo ambacho hakikuazimwa. Ibn Sina alikwisha kuieleza nguvu hii ya nafsi, itengayo na kuunganisha sura zilizohifadhiwa na hisi, nguvu ambayo haina ghala yake yenyewe bali hula katika ghala ya macho na masikio. Na Zakariya al-Qazwini, aliyeandika katika karne ya 13 kitabu cha maajabu ya viumbe, hakuona vibaya kuwaeleza watu wa visiwani wenye vichwa vya mbwa, wala wenye kuzipamba nakala za kitabu chake hawakuona vibaya kuwachora. Kichwa cha mbwa kilikuwapo. Mwili wa mtu ulikuwapo. Kilichokuwa kipya ni ujirani wao tu.

Basi katika mlango wa umbo naona mchoraji ana nafuu: mpangaji si muumba, kama vile mwenye kupanga maneno ya watu si mwenye lugha. Ila ukiirudia ile habari ya Kiyama utaona kwamba atakachotakiwa mchoraji ni pumzi, na umbo hata halitajwi. Na katika mlango wa pumzi mambo ni mazito zaidi, na kwangu mimi, matamu zaidi.

Ralph McQuarrie alikuwa mchoraji wa mitambo katika kampuni ya ndege ya Boeing, akachora pia picha za kuwaeleza watazamaji wa televisheni ya CBS safari za Apollo, kabla George Lucas hajamwendea na hadithi iliyokuwa bado kwenye makaratasi. Naye, mwaka 1975, akaanza kuisawiri kwa rangi nzito za maji, na picha zake zikasaidia kuwatia imani wakuu wa 20th Century Fox, ambao kwa maandishi matupu walikuwa wakisitasita. Lucas alimweleza adui wa hadithi, Darth Vader, kuwa ni mtu mrefu mwenye joho jeusi lipeperukalo, anayetoka katika chombo chake kuingia cha wengine huku nje ni utupu mtupu. McQuarrie aliyasikia hayo, na badala ya kukimbilia joho akauliza swali la fundi: huyu, huko nje, atavutaje pumzi? Akamchorea kinyago cha kupumulia. Kilikuwa kiwe cha safari ile moja, kikaganda usoni pa mwenyewe. Brian Muir akakichonga, Ben Burtt akakitafutia sauti kwa kurekodi pumzi ndani ya kifaa cha wazamiaji wa baharini, na hadithi nzima ikajipinda kufuata mfereko ule wa hewa. Mchoraji aliulizwa swali la Kiyama kabla ya Kiyama, tena alijiuliza mwenyewe, na jibu aliloweza kulitoa ni bomba la kupitishia pumzi. Pumzi yenyewe hakuwa nayo.

Aliyekuwa nayo ni mtu mwingine, na hili ndilo jambo ambalo wachoraji wa namna hii hulijua kuliko wachoraji wa ukutani, kwa kuwa picha zao hazikukusudiwa kubaki picha. McQuarrie alichora pia mtu wa chuma wa rangi ya dhahabu, mjukuu wa yule mwanamke wa chuma katika filamu ya Metropolis ya mwaka 1927, akamweka katika jangwa akiwa na uso ulioinuka kwa unyonge. Anthony Daniels, mchezaji wa Kiingereza, hakuwa na hamu ya kuvalishwa bati; alikwenda kumwona Lucas kwa heshima tu, akaiona picha ile, macho yao yakakutana, akakubali kuingia ndani yake. Kwa mizani ya Ibn Abbas mashine haina roho, na kuichora ni ruhusa kama kuchora mnazi. Kumbe picha hiyo ya ruhusa ndiyo iliyotoka nje kwenda kumtafuta mwenye roho! Hali kadhalika nduli wa Giger hakusimama mpaka alipopatikana Bolaji Badejo, kijana wa Nigeria aliyekuwa akisoma London, mwenye urefu uliopita mita 2, akafundishwa kujongea polepole, akafungiwa ndani ya vazi lile la mifupa. Giger hakutumia brashi sana. Alitumia chombo kinachonyunyiza rangi kwa mkumbo wa hewa, na hivyo yaweza kusemwa kwamba alitumia miaka mingi akizipulizia picha zake. Rangi ilitii. Roho ilikuja kwa miguu, katika mwili wa Badejo, na alipovua vazi iliondoka naye. Nabii Isa alifinyanga ndege wa udongo akampulizia akaruka, lakini tumefundishwa neno ambalo halikosekani katika kisa hicho, nalo ni idhini.

Kama ningekuwa mtu wa kutoa fatwa, nami si mtu huyo, ningelegeza ukali juu ya umbo na kuuhamishia mahali ambapo sisikii watu wakilalamika, yaani katika ushahidi. Chesley Bonestell, aliyezaliwa San Francisco mwaka 1888 na kusomea ujenzi, alichora mwaka 1944 katika gazeti la Life sayari ya Zohali inavyoonekana kutoka katika mwezi wake Titan: theluji, majabali, anga ya samawati, na Zohali imening'inia kama hirizi. Alipima pembe na masafa kwa uaminifu wa mhandisi, na wako wataalamu wa anga waliosema picha zile ndizo zilizowatia hamu ya kazi yao. Akaichora pia ardhi ya Mwezi wetu kwa filamu ya Destination Moon ya mwaka 1950, na mwaka 1957 kwa ukuta wa jumba la sayansi la Boston, yenye milima mikali kama meno ya papa, kwa hoja iliyokubaliwa na wengi wakati huo kwamba pasipo mvua wala upepo hakuna kinacholainisha jiwe. Watu wa Apollo walipofika walikuta vilima vya mviringo, vya upole, vilivyosagwa na vijiwe vya angani kwa muda usiohesabika. Na picha ya Boston ikateremshwa ukutani. Chombo cha Huygens kilipotua Titan mwezi wa Januari 2005, Bonestell akiwa amekwisha kufariki, kilikuta ukungu wa rangi ya chungwa ambao macho ya mtu yasingeweza kuupenya kuiona Zohali. Mtu huyu hakudanganya. Ila watu walikuwa wameziamini picha zake kama waaminivyo picha ya ndugu yao, na kwa miaka ishirini na ushei Mwezi wa kweli ulikuwa mgeni akilini mwao na Mwezi wa Bonestell ndiye mwenyeji. Ghaibu ni ya Mungu, twasema. Lakini tukionyeshwa sura yake kwa ustadi wa kutosha twasahau kwamba tulisema.

Syd Mead alikuwa na bahati nyingine. Alizaliwa mwaka 1933, akachora magari ya Ford, kisha kwa filamu ya Blade Runner ya mwaka 1982 akausawiri mji wa Los Angeles wa mwaka 2019, wenye mvua, taa za rangi na magari yanayopaa, ambamo viumbe wa kutengenezwa na watu wanadai waongezewe siku za kuvuta pumzi. Mwaka huo ukafika, mji ukiwa na jua lake la kawaida na magari yake chini barabarani, naye Mead akaishi kuushuhudia karibu wote. Alifariki tarehe 30 Desemba 2019.

Na iko filamu moja fupi ya Mkenya Wanuri Kahiu, ya mwaka 2009, iliyopewa jina kwa lugha yetu: Pumzi. Maji yamekwisha duniani, watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, wakinywa hata jasho lao lililosafishwa, na binti mmoja aitwaye Asha, mtunza makumbusho, anaipata mbegu iliyo hai. Waliounda sura ya filamu hiyo walilazimika kuchora mchanga mwingi, kuta tupu, na mbegu moja, yaani punje ile ile ambayo watengeneza sanamu wametakiwa waiumbe nao hawana njia. Asha haumbi. Anatoroka nayo jangwani, anaifukia, anaimwagia maji yake ya mwisho, kisha anajilaza juu yake aikinge na jua. Kamera inapaa, naye anakuwa mdogo, mdogo, mpaka shingo yake haionekani tena, na mahali alipolala unaota mti.