Mtazamaji na Mchezaji

Kila mchezo wenye watazamaji una mahakama mbili. Ya kwanza ni ya mwamuzi mwenye kipenga, nayo hufungwa mchezo unapokwisha. Ya pili ni ya watazamaji, nayo haina saa ya kufungwa. Hukumu zake hutolewa kiwanjani, njiani, bwenini na mezani, na aghalabu mshtakiwa hapewi nafasi ya kujitetea. Yumkini wewe, msomaji, umepata kuwa hakimu katika mahakama hiyo ya pili. Mimi nimepata kuwa. Basi na tuulizane swali moja: je, mtu aliyeucheza mchezo mwenyewe, japo kwa kujifurahisha tu, huwa hakimu bora kuliko yule asiyeugusa kamwe?

Nitatoa mfano wa mpira wa kikapu, kwa kuwa ndio mchezo nilioucheza kwa miaka mingi bila ya kuwa hodari. Ulibuniwa mwaka 1891 na James Naismith, mwalimu katika mji wa Springfield, nchini Marekani, aliyetundika vikapu viwili vya matunda ukumbini ili vijana wapate zoezi wakati wa baridi. Leo badala ya vikapu twatumia pete za chuma, zilizo mita 3.05 juu ya ardhi. Upana wa pete ni sentimita 45, nao wakaribia kuwa mara mbili ya upana wa mpira. Kwa mtu aliyeketi kando, hiyo ni shabaha pana.

Katika mchezo huu kuna mtupo uitwao mtupo huru. Mchezaji akifanyiwa madhambi anapotaka kutia mpira, husimama peke yake nyuma ya mstari ulio mita 4.6 kutoka kwenye ubao, akatupa bila ya kuzuiwa na mtu. Mtazamaji husema moyoni, "Hapana jambo jepesi kuliko hili."

Nami nilisema hivyo. Nilipokuwa mwanafunzi, timu ya shule yetu ilicheza na timu ya shule jirani katika siku ambayo sote tulikuwa tumeingoja. Zilipobaki sekunde chache tulikuwa nyuma kwa pointi moja, na mwenzetu mmoja akapewa mitupo huru miwili. Wa kwanza uligonga pete ukatoka. Wa pili haukuifikia hata pete. Tukashindwa. Usiku ule, bwenini, tulimbandika jina la kejeli. Mimi ndiye niliyelitamka kwanza, na nililitamka kwa sauti ya kusikika. Jina lile lilimwandama muhula mzima, wala hakucheza tena.

Mwaka uliofuata nilianza kucheza jioni pamoja na wenzangu. Siku moja, katika mashindano ya mabweni, ikawa zamu yangu kusimama nyuma ya mstari ule. Hapo nilijifunza mambo ambayo macho hayakupata kunifundisha. Magoti yalikuwa yamelegea kwa kukimbia, pumzi haijatulia, viganja vimelowa jasho, na ile pete niliyoiona pana sasa ilikuwa kama mdomo wa chupa. Nilikosa mtupo wa kwanza, nikakosa na wa pili. Mpira ulibingirika mpaka miguuni pa yule mwenzetu, aliyekuwa amesimama kando akitazama. Aliuokota, akanirudishia, wala hakucheka. Kutocheka kwake kuliniumiza kuliko kicheko cha watu mia.

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Faida ya kwanza ya kucheza, basi, ni kwamba humwondolea mtazamaji wepesi wa ulimi. Hujua kuwa kati ya nia na tendo kuna mwili unaochoka, na moyo unaoogopa.

Faida ya pili ni kuujua umbali uliopo baina yetu na mabingwa. Asiyecheza huwaona wachezaji wa kulipwa wakiruka na kutupa kwa urahisi, akadhani kwamba jambo lenyewe ni rahisi. Lakini usione vyaelea, vimeundwa. Mwezi wa Februari 2021, mjini Yaoundé, timu ya Kenya iliishinda Angola, waliokuwa wakati huo mabingwa wa Afrika mara 11, kwa pointi 74 kwa 73. Kikapu cha ushindi kilitiwa na Tylor Ongwae wakati ulipokuwa ukikatika. Asiyecheza huenda aliona bahati. Aliyepata kucheza aliona nyuma ya mtupo ule asubuhi na jioni nyingi, ambapo mkono ule ule ulirudia kazi ile ile pasipo mtu wa kupiga makofi.

Hata mchezaji anayehesabiwa kuwa mdogo miongoni mwa wakubwa yuko mbali nasi. Brian Scalabrine alicheza katika ligi ya NBA ya Marekani kuanzia mwaka 2001 hadi 2012, na muda mwingi alikaa katika benchi la akiba. Wako watazamaji waliojigamba kuwa wangemshinda. Mwaka 2013, akiwa amekwisha kustaafu, alikubali kupambana mjini Boston na baadhi ya wapenzi wa mchezo, mmoja mmoja, akawashinda wote. Hukumbukwa kwa kauli yake kwamba yeye yuko karibu zaidi na LeBron James kuliko mtazamaji alivyo karibu naye. Si majivuno, bali ni kipimo cha kweli.

Hata hivyo, msomaji, nisingekuwa mwaminifu kama ningekuambia kwamba kucheza huzaa unyenyekevu sikuzote. Kuna mtu ambaye maarifa haba humpa kiburi kikubwa. Amedunda mpira kidogo na kutia vikapu vichache, naye hujiona ndugu wa mabingwa. Mtu wa namna hii hupenda sana kumtaja Shaquille O'Neal. Bingwa huyu alitwaa ubingwa wa NBA mara nne, lakini kati ya mitupo huru 11,252 aliyotupa katika msimu wa kawaida alitia 5,935 tu, yaani nusu na kidogo. Mwenye kiburi husema, "Mimi natia saba katika kumi, kwa hiyo namzidi."

Neno lake lina chembe ya kweli. Pengine hutia saba katika kumi, jioni, kiwanja kikiwa kitupu, bila ya kusukumwa na watu wenye kilo mia moja na zaidi kwa dakika nyingi kabla ya kutupa. Lakini amechukua udhaifu mmoja wa mtu, akausahau utu wake wote na nguvu zake zote, kisha akajipima kwa udhaifu ule. Kwa kipimo hicho hata mimi naweza kumshinda seremala bingwa, mradi nichague siku alipojigonga kidole kwa nyundo.

Utaniuliza, "Je, asiyecheza anyamaze?" La, sisemi hivyo. Si lazima uwe mpishi ndipo ujue kuwa chumvi imezidi mchuzini. Mtazamaji ana macho, naye aweza kusema kwa haki kwamba mtupo umekosa, au kwamba mchezaji hakurudi nyuma kuzuia. Kama kila kazi ingehukumiwa na wale waifanyao tu, raia hangeweza kumkosoa kiongozi, wala mgonjwa hangeweza kumlalamikia tabibu. Dunia ya namna hiyo ingekuwa pepo ya wazembe.

Shida, basi, si kule kuhukumu, bali kitu tunachokihukumu. Kusema "amekosa" ni kuhukumu tendo. Kusema "ni mtu bure" ni kumhukumu mtu. Hukumu ya kwanza ni haki ya kila mwenye macho. Ya pili yahitaji maarifa ambayo aghalabu hatuna, maana hatujui usiku wake ulikuwaje, wala jeraha alilonalo, wala hofu iliyomkaba.

Wengine hujitetea kwa kusema kwamba wachezaji wa kulipwa hupata fedha nyingi, kwa hiyo ni halali yetu kuwatukana. Mshahara hununua juhudi na uaminifu wa mtu katika kazi yake. Haununui mkono usiokosea, kwa kuwa mkono wa namna hiyo haujaumbwa. Wala haununui heshima ya mtu, kwa kuwa hiyo haikuwekwa sokoni.

Tazama yaliyompata Nick Anderson. Tarehe 7 Juni 1995, katika mchezo wa kwanza wa fainali ya NBA, timu yake ya Orlando ilikuwa mbele kwa pointi tatu dhidi ya Houston, zikiwa zimebaki sekunde chache. Alitupa mitupo huru minne mfululizo, akakosa yote minne. Houston walisawazisha, wakashinda katika dakika za nyongeza, na mwishowe wakatwaa ubingwa kwa michezo minne kwa sifuri. Watu hawakumsahaulisha siku ile. Kabla yake alikuwa akitia kama mitupo saba katika kila kumi, lakini katika msimu wa 1996 hadi 1997 alitia kama minne tu. Siwezi kuona ndani ya moyo wa mtu, lakini mkono wake ulikuwa ule ule na mstari ulikuwa pale pale. Kuteleza si kuanguka, ila mtu aliyeteleza akizomewa kila anapoinua mguu, mwisho huogopa kutembea.

Ndiyo maana nasema kwamba kucheza, hata kucheza vibaya, ni shule ya hakimu. Hakutupi daraja la mabingwa, wala hakutunyimi ruhusa ya kukosoa. Hutufundisha kutaja kosa kwa jina lake na kuliacha jina la mtu lilivyo. Na somo hili halina mipaka ya kiwanja. Litakufaa siku utakapomsikia mwenzako akisoma darasani kwa kigugumizi, au utakapomwona mwalimu mgeni akisahau somo lake ubaoni.

Kabla ya kumaliza shule nilimwendea yule mwenzetu nikamwomba radhi kwa jina lile. Alinisamehe kwa moyo mweupe, tukapeana mikono. Nikamwalika kucheza jioni ile. Alinishukuru, akasema ana kazi ya kusoma, akaenda zake. Jina nililolitamka kwa pumzi moja lilikuwa limefanya kazi ambayo radhi yangu haikuweza kuitangua. Wewe, msomaji, ungali na nafasi ya kulizuia lako lisitoke kinywani.