Nafasi Tupu Ni ya Nani?

Katika tangi la samaki lenye hodhi chini yake, pampu hupandisha maji kwa umeme. Bomba la kutolea huyashusha kwa uzito wake tu. Ukiongeza nguvu ya pampu bila kupanua bomba, maji yataishia sakafuni. Ndiyo maana bomba zuri huonekana kubwa mno: sehemu yake hukaa tupu, ikingoja siku jani litakapoliziba.

Mtu wa Kivukoni anayajua haya bila tangi. Masika, maji kutoka Udzungwa hushuka mengi kuliko Mto Kilombero unavyoweza kuyapitisha, nayo hutanda bondeni. Kiangazi, bonde hilohilo huonekana kama shamba lisilo na mwenyewe. Mwaka 2002 liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu, lakini orodha hailishi watoto.

Je, nina haki ya kumwambia mkulima wa mpunga asipige tuta? Tuta lake moja halimgharikishi mtu. Matuta yetu yote pamoja huyasukuma maji kwa watu wa Rufiji, ambao hawakuulizwa. Nasi tunaokula mchele huo mjini tumo. Basi nafasi ile ikiachwa tupu kwa faida ya wote, gharama yake tuichange wote. Asiibebe mkulima peke yake.