Je, Kazi ya Mkono ni Aibu?

Mas-ala haya yatuhusu sisi watu wa mwambao, ijapokuwa tutayaanzia mbali, Kuresoi, katika nyanda za juu za Nakuru. Huko hulimwa chai, pareto na viazi. Huenda hata viazi karai tulavyo jioni barazani vimetoka huko. Lakini kiazi ni mali isiyongoja. Kikivunwa kwa wingi bei huanguka, na asiye na ghala la baridi hukitazama kikioza. Ghala lataka fundi wa mitambo, trekta lataka makanika. Na kijana wa huko amalizapo sekondari, akiulizwa na babaye ataka kazi gani, hujibu: ya ofisini. Hatumcheki, kwani ndilo jibu la watoto wetu pia.

Wako wasemao dharau hii ni kiburi tu. Sisi twaona hiyo si insafu. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilizuru Afrika Mashariki, ikashauri Waafrika wapewe elimu ya shamba na ufundi. Wazee wengi walihofu kuwa watoto wao watafungiwa mlango wa vyeo, na hofu yao haikuwa ya upuuzi. Lakini tazameni: mwaka 1939, huko Njoro, si mbali na Kuresoi, Lord Egerton alianzisha skuli ya ukulima, na wanafunzi wake walikuwa vijana wa Kizungu! Mzungu hakuona haya mwanawe kufunzwa udongo na ng'ombe, kwani baada ya somo palikuwa na shamba na heshima. Basi aibu haikutoka katika jembe, ilitoka katika mlango uliofungwa mbele ya mwenye jembe. Skuli ile ni chuo kikuu tangu 1987, na mlango ni wa wote.

Nasi Mombasa tulikuwa na chetu. Chuo cha Elimu ya Kiislamu, kilichosaidiwa kwa mali ya Sultani wa Zanzibar, Sayyid Khalifa bin Haroub, na Aga Khan, na Mabohora, na serikali, kilipokea wanafunzi wa mwanzo 1951 ili kuwafunza ufundi vijana Waislamu. Leo ndicho Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Wangapi katika sisi tuliwapeleka wana wetu pale kwa furaha, si kwa kukosa kwingine?

Imamu Ghazali, katika Ihyaa, alihesabu ukulima na ufumaji katika faradhi kifaya, akawalaumu waliokimbilia fiqhi wote, mji ukabaki hauna tabibu Muislamu. Maana yake ni nzito: mji ukikosa fundi, dhambi ni ya wote, karani na kadhi pamoja.

Hatusemi mtoto afungwe na nyundo maisha yake yote. Asome hisabati na lugha barabara, kwani fundi asiyejua hesabu hubaki kibarua. Mzazi mmoja alitwambia kuwa ufundi ni wa waliofeli. Tukamuuliza ni nani aliyemtengenezea jokofu lake juzi. Alinyamaza kidogo, kisha akatutajia alichomlipa.