Fundi Naye Ataulizwa?

Likizo iliyopita nilifanya kazi kwenye gereji ya mjomba wangu, Port Bell, na nimerudi darasani na swali ambalo haliniachi.

Tulikuwa tunafufua Volkswagen Beetle ya zamani, aina ile iliyoshinda Safari Rally mwaka 1962. Mwenyewe alitaka kuiuza kwa wanaokodisha magari ya harusi. Fenda nne hazikutusumbua: hufungwa kwa bolti, na kati ya fenda na bodi hukaa ukanda mwembamba unaozuia chuma kusuguana. Shida ilikuwa mlango wa dereva. Mwanya wake ulikuwa mpana upande mmoja, upande wa pili umebana hadi rangi inakwanguka.

Mjomba alichokonoa chini ya mlango kwa bisibisi, ikazama. Boriti ya pale, ambayo kwenye Beetle hupitisha hewa ya moto na pia hushikilia bodi, ilikuwa imeliwa na kutu. Dawa inajulikana. Unachomelea vyuma vya kuzuia nafasi ya mlango isijikunje, unakata palipooza, unaweka boriti mpya, unapachika mlango na kulinganisha mianya. Mpira huja mwisho kabisa. Mwenye gari akasema hana pesa hizo, anataka mlango ufunge tu.

Tukaufanya ufunge. Nililegeza bawaba nikazisogeza, nikapaka fila ukingoni, nikabandika mpira mnene kuliko wa asili. Beetle nzima hubana hewa kiasi kwamba watu hushusha kioo kidogo ili mlango ufunge vizuri. Wetu nao ukawa hivyo hivyo, na nakiri nilifurahi.

Nilipomuuliza mjomba kama hii si ghishi, alijibu: "Mpwa wangu, sisi ni mafundi. Anayeuza ni yeye."

Hoja hii si ya kudharau. Katika hadithi ya chakula kilicholowa, aliyeulizwa na Mtume (s.a.w.) ni mwenye mali. Tena mwenye gari angebaki nalo, mpira wangu usingemdanganya mtu, maana yeye anajua kilichomo. Lakini nilijua linakwenda sokoni.

Imam Ghazali, katika Ihya, anasimulia habari ya Wathila bin al-Asqa' (r.a.). Hakuwa muuzaji wala dalali, alikuwa amesimama tu. Mtu akauza ngamia kwa dirham 300, na mnunuzi akaondoka naye. Wathila akamkimbilia, akamuuliza kama amemnunua kwa nyama au kwa kupanda. Kwa kupanda, akajibu. Basi akamwambia kwato lina tundu, hatahimili safari. Bei ikashushwa dirham 100, na muuzaji akalalamika kwamba ameharibiwa biashara yake.

Swali lile la nyama au kupanda ndilo linalonisumbua. Gari la kusimama kwenye maonyesho lingeweza kuishi na boriti ile. Hili litabeba maharusi katika barabara za Kampala. Na Wathila hakugusa hata kamba ya ngamia, mimi tundu nimeliziba kwa mikono yangu.

Gari bado liko kando ya barabara, karatasi ya kuuza imebandikwa kiooni. Nimemwambia mjomba nitazungumza na mwenyewe kwanza, akikataa nitamweleza mnunuzi. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza nani atatuletea kazi baada ya hapo. Ada yangu ya muhula huu ilitoka kwenye mlango ule.