Neno Lililobaki Bila Kazi

Katika machimbo ya makaa ya mawe ya Durham, kaskazini ya Uingereza, wachimbaji waliitana marra. Neno hilo lilizidi urafiki: marra alikuwa mshirika wa ng'we moja chini ya ardhi, huyu alipotoka zamu yule aliingia, na ujira wao ulihesabiwa pamoja. Uvivu wa mmoja ulikuwa njaa ya mwingine.

Shimo la Easington lilifungwa mwaka 1993. Hata hivyo, vijana wasiopata kushika sururu wangali wakiitana marra njiani. Je, wamerithi neno au ganda lake? Kuwalaumu si haki, kwani si wao waliolifunga shimo. Lakini mchimbaji mzee aitwapo hivyo na kijana dukani, huenda akaitika kwa furaha, asijue amdai nini.