Jina Juu ya Jiwe: Kaburi la Kirumi, Kimya cha Wamaasai na Mpagazi Asiyetajwa

Maandishi ya makaburi ni utanzu usiopewa nafasi kubwa katika uhakiki wetu, ingawa hadhira yake ni ya ajabu: ni mtu yeyote anayepita. Sheria ya Mbao Kumi na Mbili iliwakataza Warumi kuzika ndani ya mji. Kwa hivyo waliyapanga makaburi kandokando ya barabara kuu kama Via Appia, na mara nyingi jiwe lilimsemesha msafiri, likamwomba asimame asome. Msafiri aliyesoma kwa sauti alimrudishia marehemu jina lake kwa muda wa pumzi moja. Nafsineni ni mfu. Sauti ni ya mgeni.

Anayeyatafakari maandishi hayo akiwa Loitokitok, chini ya Kilimanjaro, hana budi kuuliza swali jingine. A. C. Hollis, katika kitabu chake cha 1905 kuhusu Wamaasai, alieleza kwamba maiti wengi walilazwa nyikani na kuachiwa fisi. Laiboni au tajiri ndiye aliyezikwa, na kila mpita njia aliongeza jiwe juu ya rundo lake. Jina la marehemu liliepukwa. Hata neno la kawaida lililofanana nalo liliweza kubadilishwa. Hapa pia mpita njia ana wajibu, ila hasomi chochote. (Siku hizi wafu wa Loitokitok huzikwa, na misalaba yenye majina si haba.)

Je, desturi hiyo ya kale ilikuwa usahaulifu? Hatudhani. Jamii inayobadilisha msamiati wake kwa sababu ya mtu mmoja inamkumbuka kwa bidii kuliko marumaru. Kimya hicho ni cha watu waliolijua jina.

Tatizo la kimaadili huanza pale kimya cha namna hiyo kinapogeuzwa kisingizio. Ukiuzunguka mlima kwa upande wa mashariki utafika Taveta, ambako makaburi ya kijeshi yana mawe yaliyochongwa majina ya askari wa Afrika Kusini waliokufa katika mapigano ya 1916. Wapagazi waliowabebea risasi na unga hawana mawe ya namna hiyo. Baada ya vita wapo maofisa waliodai kwamba Mwafrika hakuwa na hisia na jiwe la kaburi. Mnara mmoja wa wote ungetosha. Ndivyo ilivyosimama sanamu ya Nairobi, iliyozinduliwa 1928, ambayo maandishi yake yanaahidi kwamba wana wa aliyekufa watalikumbuka jina lake. Sanamu yenyewe haitaji hata jina moja! Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Jina la kikosi chao limebaki sokoni, Kariokor.

Warumi nao walikuwa na wafu wa aina hii. Maskini wengi walitupwa katika mashimo ya kilima cha Esquilino. Lakini huko Lanuvium, maandishi ya mwaka 136 B.K. yamehifadhi kanuni za chama kilichomwabudu Diana na Antinous, ambacho msomaji wa Kenya atakitambua mara moja: ni chama cha kuzikana. Kiingilio kilikuwa sesterki 100 na mtungi wa divai nzuri, na watumwa walikubaliwa. Mtumwa akifa, na bwana wake akakataa kwa dhuluma kuutoa mwili, wenzake walimfanyia mazishi kwa sanamu. Kanuni hiyo kavu, iliyoandikwa kwa lugha ya karani, inatugusa kuliko beti nyingi za maombolezo zilizochongwa Via Appia, kwa maana waliamua kwamba mwenye mwili hana haki ya kuwa mwenye jina.

Basi majina ya wapagazi yakipatikana katika madaftari ya zamani, yachongwe? Tunaona yachongwe, ila si kabla ya kuziuliza koo zao. Huenda ukoo mmoja ukaomba jiwe kubwa, na mwingine ukaomba jina lile lisisomwe barabarani.