FEDHA ZA UMMA NA MLANGO WA SHULE

Ndugu msomaji, je, ni haki Serikali kutoa fedha za umma kwa shule zinazoendeshwa na dini au vyama? Wako wasemao kuwa ni haki, kwani kinachotakiwa ni mtoto asome. Wengine husema si haki kamwe, kwani kila chama huvutia kwake.

Tutazame mfano ulio karibu. Kagongwa, kati ya Isaka na Kahama, ni mji wa mpunga na mashine za kukoboa. Gunia likitozwa ushuru, mwenyewe haulizwi husali wapi. Mwislamu hulipa, Mkristo hulipa, na mzee wa Kisukuma ashikaye mila za mababu hulipa vile vile. Basi hazina ya umma haina dini. Ni amana ya wote. Ajengaye shule kwa mfuko wake ana haki ya kuiongoza kwa imani yake. Lakini akipokea fedha za wote, mlango wa shule ile si wake peke yake tena.

Nchi yetu imelipitia jambo hili. Zamani za ukoloni shule nyingi zilikuwa za misheni, na wazazi wengi wa Kiislamu waliogopa watoto wao wasije wakabadilishwa dini. Kwa Sheria ya Elimu ya 1969, Serikali ya Mwalimu Nyerere ilizitwaa shule nyingi za mashirika ya dini, ili mtoto aingie bila kuulizwa imani yake. Baadaye, mwaka 1992, Serikali na makanisa walitia sahihi makubaliano ya kushirikiana katika elimu na afya, na Waislamu wengi wakanung'unika. Huko Marekani, jimbo la Minnesota liliruhusu mwaka 1991 shule za umma zinazoendeshwa na makundi ya watu, bila ada. Mwaka 2025 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iligawanyika sawasawa, wanne kwa wanne, juu ya shule ya namna hiyo iliyotakiwa kuwa ya Kikatoliki huko Oklahoma. Hivyo hukumu ya kuikataa ikabaki.

Lakini haitoshi kusema, "Serikali ifanye yote." Tangu ada ilipofutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, madarasa mengi yamejaa. Mlango ulio wazi wa chumba kisicho na mwalimu wa kutosha si haki iliyotimia.

Uislamu unatuonyesha njia gani? Masimulizi ya historia yatueleza kwamba baada ya vita vya Badr, wafungwa waliojua kusoma na kuandika, nao hawana fidia, walikombolewa kwa kufundisha watoto wa Madina, kila mmoja watoto kumi. Walimu hao walikuwa washirikina, maadui wa jana! Mtume Mtukufu s.a.w. hakuikataa elimu kwa sababu ya dini ya mwalimu. Lakini masharti aliyaweka yeye, na kilichofundishwa kilikuwa kusoma na kuandika, siyo kuabudu masanamu. Hapa pana jibu letu: mwalimu aweza kutoka kundi lolote, lakini masharti yawe ya umma, na faida iwe ya mtoto.

Tena Kurani Tukufu, katika Sura An-Nahl, yatuamrisha daraja tatu: haki, kisha hisani, kisha kuwatendea watu kama jamaa zetu. Haki ni kwamba fedha za wote zisimfungie nje mtoto wa yeyote. Hisani ni kwamba hata shule tuliyoijenga kwa michango yetu tuwafungulie wasio wetu. Na daraja ya tatu ni kumtakia mtoto wa jirani kama tumtakiavyo wetu, pasipo kungoja shukrani.

Basi kila anung'unikaye ajiulize kwanza: kama fedha hizo zingekuja kwetu kesho, je, mtoto wa Mkristo angeingia bila hofu ya kulazimishwa ibada yetu? Ikiwa jibu ni hapana, hatukuwa tunadai haki, bali zamu yetu ya kudhulumu. Kurani Tukufu inawaonya vikali wale wajipimiao kamili lakini wakiwapimia wengine hupunja. Na onyo hilo si la wauza mchele tu.

Mwenyezi Mungu atujalie kuipenda haki hata inapotugharimu. Amin.